Kitabu Nilichokisoma Mara Tatu

Jumatatu, 8 Januari
Theluji magotini. Zimebaki siku tatu na kurasa mia nane! Mwezi jana maktabani Verna Halvorsen, mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji, alisema turudie kitabu kile, Majira Saba ya Bi Astrid, tuone kama bado kinatugusa. Wote wakaguna kwa mahaba. Mimi nikasema nimekisoma mara tatu. Sijui nani alinituma! Sijawahi kuvuka ukurasa wa arobaini. Verna akasema basi, Orville ataongoza mjadala. Mjadala ni Alhamisi hii, na siku hiyohiyo ni kura ya mwenyekiti. Nakitaka kiti kile, jamani. Nikikipata, vitabu vyembamba tu.

Jumanne, 9 Januari
Kurasa tatu, usingizi. Nikatoka hadi kijisanduku cha vitabu nje ya kanisa, kile cha chukua kimoja, acha kimoja. Lo! Nakala kuukuu ya Bi Astrid, pembeni imejaa maandishi ya penseli. Mtu kafikiri kila kitu kwa niaba yangu! Nikaacha kitabu cha kutengeneza trekta.

Jumatano, 10 Januari
Nimenakili maandishi yote kwenye kadi huku natazama hoki. Huyu mwandishi wa penseli ana akili. Ukurasa wa 212: “Astrid si mwoga, amechoka tu.” Nikaduwaa. Ni nani huyu? Alichoshwa na nini? Nusura niisome sura yenyewe. Kisha timu yetu ikafunga bao.

Alhamisi, 11 Januari
Aibu! Nilianza vizuri, hata Bwana Dahl alikuwa anaandika ninayosema. Kadi ya tisa nikaisoma bila kuvuta pumzi: hapa nililia sana, miguu imevimba, mtoto ananipiga teke tangu asubuhi. Bwana Dahl akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole mimba yangu ina miezi mingapi. Verna akajibu kwamba yeye alipoyaandika hayo ilikuwa saba, na mtoto mwenyewe ni Kirsten, huyo anayemimina kahawa. Kirsten akakiri: ndiye aliyesafisha chumba cha chini cha mama yake na kupeleka vitabu kwenye kijisanduku. Kura: Verna kumi na moja, mimi moja. Hiyo moja naijua ilikotoka.

Ijumaa, 12 Januari
Verna kaja na bakuli la viazi vya kuoka. Nikajua nimekwisha. Wala! Akafunua ukurasa wa 212, akacheka. Akasema aliandika vile ana miaka ishirini na mitatu, na sasa akirudia anaona Astrid alikuwa mwoga kabisa. Akaniuliza, “Wewe Orville unaonaje?” Nikasema sijui, sijakisoma. Neno la kwanza la kweli wiki nzima! Akasema anatamani kweli kujua nitaonaje, akaniachia kitabu, nikitunze. Nimefika ukurasa wa sitini na tano. Kuna mlango Astrid anakatazwa kuufungua. Ataufungua? Moyo unanidunda, mzee mzima!

Jumamosi, 13 Januari
Nilikuwa naenda mkahawani na Bi Astrid kwapani, nimalize sura ya mlango. Nikapita kwenye kijisanduku, kuchungulia tu. Hamadi! Kitabu cha mwezi ujao, pembeni wino tele. Safari hii nimekagua kwanza: mwandiko wa mwanamume, hakuna mimba popote. Verna atakoma! Ila utaratibu ni utaratibu, ukichukua kimoja unaacha kimoja. Na mimi nilikuwa na kimoja tu.