Sufuria Yangu Yaenda Moa

Jumatatu, 7 Februari 1955
Moto umekula nyumba za makuti kule Moa. Watu wamepona, alhamdulillahi, lakini vyombo vyote vimeteketea. Bi Saleha, mjane jirani yangu hapa Nguvumali, ametangaza kila mtu atoe chombo cha nyumbani. Tutavisafisha uani kwake, na Ijumaa lori litavipeleka. Mwanamke huyu! Wiki jana nilipeleka posa kwake. Kaka yake, Uweso, alisema dada anafikiri. Basi wiki hii afikiri huku akinitazama.

Jumanne, 8 Februari
Nina sufuria moja kubwa, imetoboka kitako. Nimeisugua kwa mchanga, ndimu na makumbi ya nazi hadi nikajiona uso. Sura nzuri, hata ndani ya sufuria! Tundu nimeliziba kwa kipande cha sabuni ya mche, juu nikapaka majivu. Nimeijaza maji. Hata tone! Fundi bati wa nini?

Jumatano, 9 Februari
Uani kwa Bi Saleha. Sijapata kuona mwanamke kama huyu. Kila chombo anakijaribu mwenyewe. Kiti anakikalia. Mkeka anaunusa, ukinuka unarudi majini. Mselem, muuza vitumbua anayejipitishapitisha mlangoni pake kila siku, alileta majamvi yana vumbi, akasema mwenye shida hachagui. Bi Saleha akamjibu kwamba watu wa Moa wameunguliwa nyumba, hawakuunguliwa heshima. Akamrudishia ayafue. Nilicheka kimoyomoyo.
Zamu yangu. Akaitia maji sufuria, akaiinua, akachungulia chini. Kavu! Akasema mbele ya Mselem kwamba hivi ndivyo mtu anavyotoa. Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Alhamisi, 10 Februari
Balaa! Bi Saleha kaamua kutupikia chai ya tangawizi sote tunaosafisha. Kwa sufuria ipi? Yangu! Eti kuniheshimu. Nikasema itaingia masizi. Nikasema chai inanipa kiungulia. Wapi!
Maji yalipopata moto, povu likapanda. Mselem akauliza kwa sauti tangu lini tangawizi ikatoa povu. Mara shaaa! Moto ukazimika, uani kukajaa moshi. Bi Saleha akaimwaga chai, akapitisha kidole kwenye kitako, akakinusa. Hakufoka. Alisema tu kwamba kuna mama huko Moa angewapikia wanawe uji katika sufuria hii. Nilitamani ardhi inimeze.
Kisha akaipeleka mwenyewe kwa fundi bati. Jioni imerudi na kiraka cha kudumu, naye akaisugua upya. Jamani, hata akikasirika kazi yake safi! Nampenda kuliko jana.

Ijumaa, 11 Februari
Lori limeondoka baada ya sala. Masufuria yanang'aa, mikeka inanukia, kila taa ina utambi mpya. Ungedhani ni vyombo vya bi harusi. Nilisimama barabarani nikimtazama Bi Saleha akifunga kamba ya mwisho, machozi yakanilengalenga.
Uweso akanivuta pembeni. Dada kakataa posa. Kauliza, mtu anayewaficha tundu waliounguliwa, mkewe atamficha mangapi? Sikula mchana. Usiku pia sikula, ila vitumbua, tena vya Mselem. Vitamu, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 12 Februari
Asubuhi hodi. Uweso, na godoro la usufi begani! Kasema lori lilijaa, likabaki hili. Dada alipopita dirishani kwangu juzi aliona nalala kwenye kamba tupu za kitanda, basi kaniweka miongoni mwa wahitaji. Usufi umechambuliwa na kuanikwa. Shuka imepigwa pasi, ina harufu ya asumini. Nikauliza kama dada kasema neno jingine. Uweso akajibu kwamba hakusema kitu.
Hakusema kitu! Hizo ni haya tu! Mwanamke hamtumii mwanamume godoro hivi hivi. Tena nimelilalia na kujigeuza: linatosha wawili!
Nimekwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani kupimwa kanzu ya harusi. Mselem nitamwalika. Atakaa nyuma.