Wingu la Kudumu la Ruiri

Napenda kutangaza, kwa niaba ya Ofisi ya Kuangalia Mazingira kutoka Juu, kwamba kijiji cha Ruiri kimejaliwa wingu la kudumu. Lina ukubwa wa ekari saba, ni jeupe pe pe pe, na limeonekana mahali pale pale katika kila picha ya setilaiti kwa miaka mitatu, kiangazi na masika. Lina pembe nne. Nchi nyingine bado zinahangaika na mawingu yasiyo na umbo, yanayopeperuka ovyo bila ratiba.

Mimi ni Kiunga, Msomaji Msaidizi wa Picha. Nilipoliona mara ya kwanza niliingiwa na shaka, nikampelekea mkurugenzi wetu, Bwana Kaburu. Akavaa miwani.

"Kiunga, kitu cheupe ukikitazama kutoka juu ni nini?"

"Inategemea, mkubwa."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Ni wingu, mkubwa."

Hivyo ndivyo sayansi husonga mbele. Kwa kanuni zetu, palipo na wingu huandikwa "hapasomeki" na kurukwa. Kwa hiyo tunapopima nani anatumia maji ya mto na kwa kiasi gani, ekari hizo saba hazitumii hata tone. Kwenda pale kwa miguu kutazama hairuhusiwi. Sisi ni ofisi ya juu, na kwenda chini ni kurudi nyuma kiteknolojia.

Jumatano moja akaingia Bi. Ciakuthii, mjane wa Ruiri, viatu vyake vya gambuti vimejaa vumbi.

"Wewe si ni mtoto wa huko Igoki, jirani zetu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie maji yangu ya Jumanne yako wapi."

Lazima nieleze. Mradi wa maji wa kule ulijengwa na wakulima wenyewe. Kila nyumba ilichimba mita ishirini za mtaro, na waliochimba wakapewa siku yao ya kufunguliwa maji. Bi. Ciakuthii na marehemu mumewe waliangukia kipande chenye mwamba. Waliupasua kwa mtaimbo wiki tatu, wakapewa Jumanne. Sasa Jumanne kumi na moja zilikuwa zimepita, mfereji ukikohoa hewa tu.

Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha lile doa jeupe juu kidogo ya shamba lake. "Mama, nyinyi mna bahati. Mko chini ya wingu mwaka mzima. Kwa hesabu zetu mmelowa."

Aliinama akatazama. Kisha akanitazama mimi, na nikajuta kuwa mtoto wa Igoki.

"Hiyo wingu yako iko na mlango," akasema. "Iko na kufuli na mbwa wawili. Hiyo ni mabanda ya nailoni, na ndani ni nyanya za huyo mkubwa wako. Kiangazi hiki bomba ya inchi nne imetoka kwa tangi yetu, ikaingia huko ndani. Ukitaka nikuonyeshe, twende sasa hivi."

"Hizo ni habari za chini, mama. Sisi hutumia za juu."

"Haya. Maharagwe yangu yamekauka yakiwa na maua. Ng'ombe wangu anatembea kilomita sita kwenda mtoni, akifika nyumbani ana kiu tena. Hiyo pia umeiona kutoka juu?"

Ng'ombe haonekani kwa setilaiti yetu. Ni mdogo mno. Lakini, sijui shetani gani alinipitia, niliyaandika malalamiko yake na kuyapeleka kwa wakaguzi wa maji. Nao wakaandika kuuliza: pale kwenye ekari saba kuna nini?

Bwana Kaburu alifoka mpaka chai ikapoa. "Nitaimaliza hii kitu mara moja!" Akaniamuru nichape Cheti cha Wingu, naye akasema neno moja baada ya jingine: kwamba mahali hapo hapana jengo, hapana zao, hapana bomba wala mali ya mtu yeyote, isipokuwa wingu. Akatia sahihi. Akapiga mihuri mitatu, mmoja ukiwa wa likizo za wafanyakazi, kwa kuongeza uzito. Nakala zikaenda kwa wakaguzi, kwa chifu na kituo cha polisi. Ya mlalamikaji nikaipeleka mwenyewe.

Bi. Ciakuthii alinifanya niisome mara mbili.

"Bomba pia hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Na ni yeye amesema, kwa mkono wake?"

"Na mihuri mitatu."

Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. "Mwambie asante sana."

Jumanne iliyofuata wanachama wote wa mradi walifika na majembe na spana, kila nyumba ikashika mita zake ishirini kama zamani. Kufikia saa nne bomba lisilokuwepo lilikuwa limefukuliwa lote, na maji yamerudishwa kwenye laini yao. Mbwa wawili wa wingu walipewa ugali wakalala.

Bwana Kaburu alinibeba kwa gari lake, mbio hadi kituo cha polisi.

"Afisa, wameiba bomba langu!"

"Pole, mkubwa. Lilikuwa wapi?"

"Ruiri, pale juu ya shamba la yule mama!"

Afisa akavuta droo, akatoa karatasi. "Pale kuna wingu, mkubwa. Nimeletewa cheti."

"Nyanya zangu zinanyauka, wewe!"

"Zao pia hapana. Imeandikwa hapa." Akasogeza kitabu cha taarifa mbele yake. "Labda uandikishe kwamba cheti ni cha uongo. Nitafungua faili sasa hivi, lakini itakuwa na jina lako. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Bwana Kaburu akanigeukia, jasho linamtiririka. "Kiunga, sema kitu! Wewe ndiye mtaalamu. Twende pale chini uwaonyeshe!"

"Mkubwa," nikasema, "kwenda chini ni kurudi nyuma kiteknolojia."

Picha mpya imefika wiki hii. Ndani ya doa jeupe kumeingia rangi ya kahawia, na shamba lililo chini yake limeanza kuwa kijani. Nimeandika ripoti yangu, na mkurugenzi ameitia sahihi mwenyewe, kwa kuwa hana la kufanya: wingu la Ruiri hatimaye limenyesha. Limenyesha Jumanne, kwa Bi. Ciakuthii.