Orodha ya Barua Pepe na Mama wa Ubatizo

Jumatatu, 3 Septemba 2007
Daftari, nisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia. Priscila anaota meno, usiku halali, na mimi mchana nasinzia nimesimama. Leo naandika kwa sababu nina mpango.

Sisi akina mama wa kozi ya kompyuta ya kambi ya wakimbizi tumetawanyika. Wenzetu Warundi wamerudi kwao, sisi tumebaki hapa Ngara. Tunatakiwa tuchague namna ya kuongea kwenye mtandao. Wifi yangu Agripina anataka jukwaa: mahali pamoja, kila jambo na mlango wake, mtu anaingia mwenyewe kusoma. Mimi nataka orodha ya barua pepe. Unaandika mara moja, kila mtu inamfikia.

Sababu yangu ya siri: Priscila anabatizwa Jumapili ya tarehe 16. Mama wa ubatizo nimemchagua Niragira, rafiki yangu aliyerudi Muyinga, Burundi. Agripina naye anautaka umama huo. Nikishamtangaza Niragira mbele ya wote, wifi atasemaje?

Alhamisi, 6 Septemba
Kikao. Agripina kaeleza jukwaa lake kwa ubao na chaki. Kaeleza vizuri, nikaogopa. Kisha nikasimama, mtoto mgongoni. Nikawaambia jukwaa ni mtungi wa pombe ya ndizi ulioko kwa jirani: ukiitaka, beba mrija wako utembee. Orodha ni pombe iliyoletwa mpaka mlangoni pako.

Wakacheka, wakanyoosha mikono. Nimeshinda. Hata Mama Nyirabahizi, mkubwa wetu, anayechapa kwa kidole kimoja, kanipa kura. Agripina akauliza, je, kila mtu akiletewa pombe ya kila mtu, huo mlango utapitika? Wivu tu.

Ijumaa, 7 Septemba
Barua ya kwanza imekwenda. Nimemwamkia Mama Nyirabahizi. Nimewajulia hali wote, mmoja mmoja, asije mtu akanuna. Nimewaulizia hata mbuzi wa mwenzetu Ndizeye. Mwishoni nimemtangaza Niragira, nikamwomba ajibu haraka. Barua ndefu, nzuri.

Jumanne, 11 Septemba
Shikamoo zimefurika. Mwenzetu Habonimana alimwamkia Mama Nyirabahizi, wote tukaiona. Sasa nani anyamaze, aonekane hana adabu? Kila mmoja akaamkia. Mama Nyirabahizi akamwitikia kila mmoja peke yake, lakini barua zake zinatufikia wote, na kila marahaba ina maswali: watoto, migomba, ule mguu. Wenzake wakajibu. Yeye akashukuru kwa kujibiwa.

Renatus, mwenye chumba cha kompyuta, anasema sanduku langu limejaa, haliingizi wala halitoi mpaka nifute. Nitafutaje salamu ya mtu mzima sijaisoma? Nazisoma zote. Ya Niragira haimo.

Alhamisi, 13 Septemba
Padri Anatoli kasema mama wa ubatizo asipofika, atasimama aliye karibu. Aliye karibu ameshashona gauni. Leo bombani Agripina kaniuliza, wifi, mtoto utambatizisha kwa marahaba? Wenye ndoo wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nikamwambia gauni lake limembana.

Nyumbani nikalia kidogo, mtoto ananyonya. Akanishika pua, nikanyamaza. Kisha nikarudi kwa Renatus kuisoma tena barua yangu ya kwanza. Mbuzi wa Ndizeye wamo. Tarehe ya ubatizo haimo.

Nikaanza kufuta. Kila salamu naiomba radhi kwanza. Renatus akafunga chumba sijafika hata nusu.

Jumapili, 16 Septemba
Niragira amekuja. Jana jioni, kwa lori la kutoka mpakani Kabanga, vumbi mpaka kwenye kope. Tarehe aliijuaje? Katikati ya marahaba, Mama Nyirabahizi alimwandikia Ndizeye kwamba hataweza kumtembelea Jumapili hii, tarehe 16, kwa kuwa mtoto wa Gidioni, mume wangu, anabatizwa. Niragira akaisoma kama sisi wote. Mimi nilikuwa nimeipita nikisinzia.

Anasema ameona heri asafiri, kuliko kukaa kuitikia salamu zile zote. Agripina kacheka hadi kakaa chini.

Priscila alilia maji yalipomgusa, kisha akalala begani kwa Niragira. Mwili wangu wote ukawa mwepesi. Mshumaa nilimpa Agripina ashike, kwa kuwa ni shangazi wa mtoto. Kaushika vizuri. Baadaye kanong'ona kwamba kwenye jukwaa tarehe ingekuwa na mlango wake. Nikamwambia taratibu: wifi, orodha ndiyo iliyomleta.

Kwa hiyo nimeanzisha orodha ya pili, ya salamu tu, ili ya kwanza ipumue. Wote wa orodha ya kwanza nimewaingiza na huku, asije mtu akajiona ametengwa. Barua ya kufungulia, ya kuwashukuru wote walioamkia, nimeituma kwenye zote mbili.

Niragira anaondoka kesho. Nimemwomba akifika Muyinga anitumie kitenge cha njano, sabuni mbili za mche, dawa ya fizi za mtoto, na anwani za barua pepe za dada zake wote.