Gunia Moja kwa Bidhaa Zote

Jumatatu, 3 Machi

Wiki yangu imefika! Papa Anaclet, mwenye kampuni yetu ndogo ya programu hapa Naviundu, ametangaza: Mama Ngalula, anayeleta samaki wakavu kutoka Pweto, anataka programu ya depo yake, anakouza pia sabuni. Mimi na Edith, mwenzangu wa kazi, kila mmoja atengeneze yake. Ijumaa mama atachagua, na atakayechaguliwa anakuwa mkuu wa timu. Nilijibu kwamba niko tayari. Edith aliomba karatasi na kalamu. Karatasi! Maskini.

Shida moja ndogo. Nilikuwa nimenusa habari mapema, kwa hiyo jana kanisani nilishatoa ushuhuda kwamba Bwana amenipandisha cheo. Kwa imani. Walipiga makofi. Sasa sina njia ya kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika klasi Bidhaa, yaani kiolezo cha kila kinachouzwa. Chini yake Samaki na Sabuni, zote zinarithi jina, bei na uzito. Samaki nimemwongezea kipimo cha ukavu. Kisha Gunia la jeneriki: ukilitengeneza unalitajia aina ya kitu kitakachokaa ndani. Gunia la Samaki. Gunia la Sabuni. Safi!

Halafu kazi moja ndani ya programu, ya kupokea mzigo, inayotaka Gunia la Bidhaa. Nikaipa Gunia la Samaki. Kompaila, yule mkaguzi wa msimbo, akakataa! Samaki ni Bidhaa, nimeandika kwa mkono wangu. Basi gunia la samaki ni gunia la bidhaa, hata kipofu anaona. Nimebishana na skrini mpaka saa nane usiku.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu. Nimempelekea Edith karanga ili nichungulie kazi yake. Kumbe ni Jumatano ya Majivu, amefunga! Nilizila mwenyewe, taratibu, nyuma ya kiti chake. Kazi yake ya kupokea mzigo inakubali gunia la aina yoyote inayotokana na Bidhaa. Nikanakili. Ikakubali, ila kwa kutazama na kupima tu. Kutia kitu, marufuku.

Nilimuuliza sababu, eti kwa niaba ya rafiki. Akanieleza kwamba kompaila hajui ni gunia la nini hasa, kwa hiyo anazuia mtu asitie sabuni kwenye samaki. Gunia lisilotiwa kitu, na mama analeta lori zima! Edith amekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda! Nimefuta jina la aina. Sasa ni Gunia tu, bila kusema la nini. Kompaila ameacha kukataa, anatoa maonyo tu. Kuna mstari mmoja wa kuyanyamazisha. Nimeuweka. Nimepeleka suti ikapigwe pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Edith alitangulia. Samaki kwenye gunia la samaki, sabuni kwenye la sabuni, mwisho magunia yote yakapimwa pamoja. Inachosha.

Zamu yangu. Nilimwomba Mama Ngalula atie mwenyewe. Akatia samaki wawili, kisha sabuni, gunia lile lile. Likapokea bila swali! Nikamtupia Edith jicho. Halafu mama akataka kuona ukavu wa samaki mmoja mmoja. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu alikuwa sabuni. Programu ikaanguka na kuandika kwa herufi nyekundu kwamba Sabuni haiwezi kuwa Samaki.

Mama Ngalula alicheka mpaka akavua miwani. "Mutoto yangu, ata mashini inayua sabuni haiko samaki. Weye tu njo hauyue!" Eti mimi tu ndiye nisiyejua. Kisha akauliza, kwa sauti, kama si mimi niliyetoa ushuhuda Jumapili. Nilisahau kwamba mimi naye tunasali kanisa moja. Niliona haya, haya kweli. Edith ni mkuu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu mpya amekuja na kitenge chake cha tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, akakaa nami saa nzima akinifundisha bila dharau. Kutazama, gunia la chochote kinachotokana na Bidhaa. Kutia, gunia linalojua aina yake. Kompaila hakuwa ananionea, alikuwa analinda samaki wa mama. Nimeelewa kabisa. Amenipa nafasi nyingine: niongeze chumvi, bidhaa mpya ya mama, kwenye programu yake, maana lori linaingia Jumatatu. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Nimeanza. Kompaila amekataa chumvi kwenye gunia la samaki mara nne. Nimefuta aina, ikaingia bila neno. Hii si kama ile ya jana, ile ilikuwa sabuni. Nani amewahi kulalamika kwamba samaki wake wana chumvi?