Cheti cha Kugusa Udongo

Wananchi, furahini! Kuanzia sasa bustani ya mtaa iko salama: hakuna atakayegusa udongo wake bila cheti cha mtunza bustani wa kujitolea. Tangazo limebandikwa langoni, na chini yake linaning'inia kufuli kubwa kama ngumi ya mwashi.

Mimi nilikuwa nimelima humo miaka kumi na moja bila kujua kwamba nimo hatarini. Nikamshukuru Mkurugenzi wa Bustani, kijana wa suti na tai, kwa kuniokoa. Shida ilikuwa ndogo tu. Mlangoni kwangu nilikuwa na miche ishirini na sita ya nyanya kwenye makopo, imefika shibiri moja, inangoja kuhamishiwa bustanini. Mafunzo ya cheti yalikuwa ya wiki tatu. Mimi kusubiri naweza. Mche wa nyanya hauwezi.

Basi nikajiandikisha.

Wiki ya kwanza tulisoma Dhana ya Udongo. Udongo wenyewe haukuletwa, usije ukachafua ukumbi. Wiki ya pili ilikuwa ya kumwagilia. Tulipewa ndoo tupu, tukamwagilia viti vya plastiki, kila mtu na chake. Nilisifiwa sana: kiti changu hakikulowa hata tone.

"Bibi, chako kimeanza kuchipua," akaninong'oneza jirani yangu, fundi cherehani.

"Nyamaza wewe, tutafelishwa."

Nikanyoosha kidole. "Mkurugenzi, mjukuu wangu, miche yangu inajikunja kwenye makopo. Naomba ufunguo wa lango, nusu saa tu."

Akafungua kitabu cha mafunzo, alichokiandika mwenyewe, akapekua kwa huruma ukurasa baada ya ukurasa.

"Pole, Bibi. Miche iko nje ya mtaala."

Nikarudi nyumbani, nikaiambia miche ivumilie. Minne haikusikia.

Siku ya vyeti akaja mgeni rasmi, mama mkubwa kutoka wizarani, na wapiga picha nyuma yake. Tukakabidhiwa vyeti, lango likafunguliwa. Mkurugenzi alitakiwa apande mche wa uzinduzi, ila miche ya ofisi ilikuwa imekaukia stoo ikisubiri sahihi yake. Akatuma watu mbio mlangoni kwangu. Ghafla miche ikaingia kwenye mtaala.

Akachuchumaa, akachimba shimo kwa mikono yake mwenyewe, akatumbukiza mche pamoja na kopo lake. Akafukia. Makofi!

Mgeni rasmi hakupiga. "Mkurugenzi, mizizi itapita wapi?"

"Itapewa maelekezo, mheshimiwa."

"Na cheti chako kiko wapi?"

"Mimi ndiye ninayevitoa, mheshimiwa."

Fundi cherehani akakohoa, akasoma tangazo la langoni kwa sauti ya mnadani: "Hakuna mtu yeyote, awe nani, atakayegusa udongo bila cheti. Atakayekaidi atapelekwa mafunzoni mpaka afaulu. Sahihi: Mkurugenzi!"

Kamera zote zikageukia mikono yake. Udongo ulikuwa umefika kwenye saa.

"Sheria ni msumeno," akasema mgeni rasmi. Akamnyang'anya ufunguo kwa adabu kabisa, akanipa mimi.

Nikaufukua ule mche, nikautoa kwenye kopo, nikaupanda upya na wenzake ishirini na mmoja.

Sasa nyanya zimeiva, na Mkurugenzi bado yuko ukumbini. Karani wake ndiye anayemfundisha, kwa kitabu kilekile. Ameshafeli somo la kumwagilia mara mbili. Alidai maji.

Jana nilipita dirishani na kikapu changu.

"Bibi," akaniita kwa sauti ya chini, "niokoe kwa nyanya moja tu. Tumekaa humu tangu asubuhi, na kiti changu wanasema kimenyauka."

Nikachagua moja nyekundu, nikaipangusa. Roho ilinisuta, sitaficha. Lakini mimi ni mtu mwenye cheti.

"Pole, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nyanya ziko nje ya mtaala."