Kishikwambi Kinachonifungia Mapazia

Kwa mkwe wangu mpendwa Jurre,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mwanangu Nynke. Mimi mzima, ingawa kijiji kinadhani vingine. Nakuandikia kwa karatasi maana kile kishikwambi ulichonipigilia ukutani sebuleni kinasikia simu zote, na sitaki kijue kwamba nakishtaki.

Najua nia yako ilikuwa njema. Ulikuja na drili, ukasema, "Baba, kuanzia leo nyumba yako yote iko kwenye kioo hiki: taa, joto, mapazia, kengele." Nikakushukuru. Mimi niliyevuka ziwa lililoganda, viatu vya vyuma vya kutelezea barafuni miguuni na ndama mgongoni, na ndama akalala njia nzima, siwezi kutishwa na kioo kisichozidi sinia. Lakini sasa nimechoka. Malalamiko nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Hakijui Kifrisia, lugha yetu ya huku. Kinaelewa Kiholanzi tu, na mimi Kiholanzi nakitumia kwa daktari wa meno, ambako hata hivyo huwa nimeachama. Nikikisemesha, kinanijibu kwa sauti ya binti wa benki kwamba hakijanielewa. Nyumbani kwangu mwenyewe naambiwa sieleweki.

2. Asubuhi nafungua madirisha hewa ipite, kama kila mtu mwenye akili. Chenyewe kinazima hita na kuniandikia kwamba dirisha liko wazi. Najua liko wazi. Nimelifungua mimi.

3. Nikitulia kitini, kinadhani hakuna mtu, kinazima taa. Inabidi nipunge mikono kama nafukuza nzi ndipo kikubali kwamba nipo. Hili nilianza kulilalamikia, kisha nikaacha, na sababu ni hii. Ng'ambo ya mfereji, dirisha likitazamana na langu, anakaa Bi Froukje, mjane wa yule fundi mashua. Jioni moja taa zikazimika, nikapunga, naye akadhani namsalimia, akanipungia. Kesho yake nikapunga tena. Taa zilikuwa zinawaka. Basi ikawa kila jioni baada ya kahawa tunapungiana, na nilikuwa najikusanya, polepole kama inavyofaa kwa umri wangu, nimwalike Jumapili moja aje tule keki.

4. Halafu ukaja tena, bila kuitwa, "kukiboresha". Sasa jua likizama tu mapazia yanajifunga yenyewe, eti joto lisitoke. Jurre, umekulia mjini, nakusamehe. Huku kwetu nani anafunga mapazia jioni? Mwenye msiba au mwenye jambo lake. Jirani yangu Gosse alinikamata kwenye duka la mikate mbele za watu: "Hotze, umekufa au umeoa? Tuambie tujue tunachanga maua ya aina gani." Watu walicheka mpaka muuzaji akakata mkate wa mtu mshazari. Hilo nalimeza. Lakini Bi Froukje anadhani pazia nimemfungia yeye. Jumatatu nilichungulia pembeni, nikakuta na yeye kafunga lake. Hakuwahi kulifunga, hata mumewe alipokuwa mgonjwa.

5. Usiseme sikujaribu. Nilivuta pazia kwa mkono, likanirudia. Nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na ilipofika jioni meza ikaanza safari ya dirishani na kahawa yangu juu yake. Utaniuliza kwa nini nisivuke daraja nikamweleze. Mwanangu, nibishe hodi kwa mjane, bila mwaliko, nimwambie kwamba aliyefunga pazia si mimi, ni ukuta? Ziwa niliweza. Daraja lile siliwezi.

Kwa hayo naomba rasmi uje Jumamosi na drili yako ukitoe. Ukikataa, nitawaandikia halmashauri wapige marufuku kuta za kisasa. Wakikataa, nitamwandikia mfalme, maana na yeye ana madirisha. Akikataa naye, nauza nyumba nahamia kwenye hema, tuone utapigilia wapi.

Nisalimie Nynke, wajukuu, mbwa wenu, na mama yako pia, hata kama alisema supu yangu ya njegere ina maji mengi.

Ni mimi baba mkwe wako, bado nakupenda,
Hotze Wiersma

N.B. Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, kengele ikalia, na kishikwambi kikanionyesha Bi Froukje mlangoni na keki mkononi. Kaingia, kasema, "Nimekuja kuona kama unapumua. Na kama unapumua, nataka kujua nimekukosea nini." Nikamwonyesha ukutani. Hakuamini, tukakaa tukangoja. Jua likazama, mapazia yakajifunga, na Gosse, aliyekuwa kasimama nje akijifanya anafunga kamba za viatu, akabaki anatazama kitambaa. Bi Froukje kacheka mpaka kajifuta machozi. Nikamwambia asijali, Jumamosi mkwe wangu anakuja kukitoa. Akakata kipande kingine cha keki, akasema, "Akitoe kwa nini? Kimemkosea nani?" Kwa hiyo mkwe wangu, drili iache huko huko. Jumamosi usije kabisa. Na ukija siku nyingine piga kengele, usiingie na ufunguo wako.