Ombi la Kubomoa Ukuta wa Bwawa Ili Jiwe Langu Lipate Mahali

Ofisi ya Mwakilishi Wadi,
Kyandolo, Machakos.

Kwa Chifu Mutua,
Lokesheni ya Kyandolo.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: UKUTA WA BWAWA ULIOJENGWA BILA KUNINGOJA

Natumai u mzima na palizi imekwisha huko kwako. Mimi si mzima sana, nina uchungu. Nitauandika kwa namba, maana uongozi umenifunza kwamba lalamiko lisilo na namba halifiki kwenye faili.

1. Mwezi wa tatu nilikwenda Uholanzi siku tisa kujifunza jinsi ya kuzuia maji. Niliacha maagizo kwamba kikundi cha mwethya cha Mama Kalekye, wale wanawake wanaofanya kazi za kijiji kwa pamoja, wasianze ukuta wa bwawa la mchanga, ule wa kukinga mto mkavu ili mchanga utunze maji, mpaka nirudi kuweka jiwe la msingi. Jiwe lilikuwa tayari sebuleni kwangu, limechongwa jina langu lote pamoja na la ubatizo. Niliporudi, ukuta ulikuwa umesimama, mvua imenyesha na watu wanachota maji. Nilipomuuliza Mama Kalekye, alinijibu kwa upole: "Mheshimiwa, mvua ilikuwa inakuja, na haikusema itangoja ndege."

2. Huko Uholanzi kwenyewe niliaibika. Mhandisi mmoja mzee alituonyesha picha ya kazi ambayo alisema dunia nzima yafaa iige. Ilikuwa ya wanawake wakipokezana mawe kwenye mto mkavu, na mto ulikuwa wetu, wakati walipojenga ukuta wao wa kwanza, kabla ya huu. Wa mbele kabisa alikuwa mama yangu mzazi, Kalondu, amejifunga kitambaa cha buluu nilichomnunulia Krismasi. Nilipoulizwa kama napafahamu mahali hapo, nilisema nitawasiliana na ofisi yangu. Chifu, nilivuka bahari kwenda kufundishwa na mama yangu, na nyumbani angenifundisha na chai angenipa.

3. Wiki iliyopita niliwafuata akina mama kwenye matuta ya mawe wanayojenga mashambani, na hotuba ya kurasa tisa kuhusu ushirikiano wa kimataifa. Sheria yao unaijua: kazini hakuna anayeongea mikono mitupu. Ukurasa wa pili nilipewa jiwe. "Ongea tu, Mheshimiwa," wakaniambia, "lakini mkono isikae bure." Ukurasa wa tatu nilikosa pumzi nikakaa chini. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kwanza kuisha kabla watu hawajachoka, na ndiyo ya kwanza kupigiwa makofi ya kweli. Sijui nilichukulie vipi jambo hilo.

4. Alhamisi Waholanzi wanakuja. Barua yao inasema watakutana na Bi Kalekye na kikundi chake, "pamoja na mwenyeji mmoja". Huyo mwenyeji mmoja ni mimi. Sokoni wameshaanza kusema kiti changu mwaka ujao ni cha Mama Kalekye, ingawa yeye mwenyewe hajasema neno. Hapa ndipo naumia. Nikikikosa kiti hiki, sijui nitaamka asubuhi nikafanye nini. Hata kuku niliacha kufuga.

Kwa hivyo naomba uamuru ukuta ubomolewe Jumatano asubuhi. Upande wa kulia tu unatosha. Nitaweka jiwe langu chini kabisa, mahali jiwe la msingi linapostahili kukaa, kisha akina mama waujenge tena kabla ya Alhamisi saa nne, wageni wanikute na viatu vya matope. Wao walitumia siku tisa bila kiongozi, basi wakiwa naye siku moja yatosha. Kuhusu maji yatakayopotea, wananchi watangaziwe wanywe ya wiki mbili mapema.

Nisalimie mama watoto, wazee wote wa baraza, na karani wako anayepoteza barua zangu. Hii asiipoteze.

Ni mimi, wako katika maendeleo yaliyokwisha kufanyika,

Mhe. Kitonga Muli,
Mwakilishi Wadi.

Baada ya sahihi: Chifu, nilienda sebuleni kulipima jiwe nikakuta halipo. Mama yangu alikuwa amelibeba kwa punda. Nilimfuata hadi bwawani nikiwa na hasira, nikamkuta anafulia nguo juu yake, tena shati langu jeupe la Alhamisi, analisugua juu ya jina langu. Kumbe tangi letu lilikauka tangu Jumapili na mimi sikujua. Aliniangalia tu, akasema, "Kitonga, hii jiwe sasa iko na kazi. Shika hapo upande ingine tukamue." Nikashika, tukakamua.

Ukuta usiguswe. Alhamisi wageni wakimtafuta yule mwenyeji mmoja, waonyeshe mstari wa kupokezana mawe kule kwenye matuta, nitakuwa nyuma ya Mama. Hotuba nitaiacha nyumbani. Na barua hii ukishaisoma, mpe karani wako aipoteze.